Kadi ya grafiki ya nje kwa ThinkPad T480: nichukue ipi kwa ajili ya Blender?

Mchoraji_Nyegezi (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu.

Nachora ramani za nyumba na kuwatengenezea wateja picha za 3D kwa Blender (programu ya kuchora 3D), narenda kwa Cycles, yaani injini yake inayogeuza mchoro kuwa picha kamili kwa kuhesabu mwanga. Mashine yangu ni ThinkPad T480, prosesa i5-8250U, RAM GB 16, grafiki ni ile ile ya Intel iliyokuja nayo. Kuchora hakunisumbui. Kazi ipo kwenye kurenda: sebule moja yenye dirisha kubwa na taa za dari naiacha usiku, naamka asubuhi bado inatafuna, na mteja ameshaanza kupiga simu. Kuachana na laptopu siwezi, mchana niko saiti nayo.

Kuna muuzaji Kariakoo ananishauri RX 580 ya AMD yenye GB 8, imetumika, na bei yake kweli inavutia. Jamaa mwingine anasema GTX 1650 ya Nvidia kwa sababu haili umeme. Bajeti yangu, kadi pamoja na vikorokoro vyake vyote, ni milioni moja na nusu. Je, laptopu yenye prosesa ya wati 15 inaweza kuendesha kadi kubwa, au nitakuwa nimetupa hela?

Naomba kuwasilisha.

Temboni_Boy

Mkuu, hela hiyo tafuta desktopu iliyotumika uweke kadi ndani. Kadi ikikaa nje inapungua nguvu, na hizo prosesa za herufi U haziwezi kuilisha. Nimeona watu wanaweka kadi ya maana halafu gemu bado linakwamakwama.

fundi_ngarenaro (Arusha)

Temboni yuko sahihi kabisa kwa upande wa gemu. Lakini aliyeuliza hana habari na gemu, na hapo jibu linabadilika.

Kwenye gemu prosesa inaiandalia kadi kila picha, mara 60 kwa sekunde ukitaka mchezo uwe laini, na data zinapita bila kupumzika kwenye waya unaounganisha laptopu na kadi. Thunderbolt 3, tundu la laptopu yako ambalo waya huo unachomekwa, inabeba gigabiti 40 kwa sekunde, na sehemu inayoifikia kadi haizidi 32. Tundu la kadi kwenye desktopu, PCIe 3.0 ya njia 16, linapitisha zaidi ya 120. Kwa hiyo mchezaji wa gemu anaumia mara mbili: prosesa dhaifu, na njia nyembamba.

Cycles haiendi hivyo. Ukibonyeza kurenda, sebule yako nzima, kuta, makochi, tekscha za mbao, vinapakiwa kwenye kumbukumbu ya kadi mara moja. Baada ya hapo kadi inahesabu mwanga peke yake na waya unabaki karibu mtupu. Upakiaji utachelewa kidogo kuliko kwenye desktopu, ila kama picha ilikuwa inakula usiku mzima, huo ucheleweshaji hutauona. Nawafungia mafundi ramani na wapiga picha mitambo ya aina hii hapa Arusha, na kazi ya kurenda ndiyo ninayoipendekeza bila wasiwasi wowote. Prosesa ya wati 15 inatosha kwa hilo.

Sasa kadi. RX 580 usiichukue, hata akikupunguzia nusu ya bei. Si mbovu, kwa gemu bado inasukuma. Ila Cycles ilikuwa inatumia kadi hizo kupitia OpenCL (njia ya programu kuiamuru kadi ihesabu), na OpenCL iliondolewa kwenye Blender 3.0, Desemba 2021. Njia iliyowekwa badala yake kwa kadi za AMD, HIP, haikuzichukua kadi za ukoo wa RX 580. Maana yake utaifunga, Windows itaiona vizuri, Eevee, ile injini nyingine ya haraka ya Blender, itafanya kazi, halafu ukichagua Cycles utakuta unarenda kwa i5 ile ile. Muuzaji hakwambii hilo kwa sababu yeye anapima kadi kwa gemu. Na uelewe pia kwamba RX 580 nyingi zilizojaa mitaani zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu. Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilimwagwa sokoni dunia nzima. Zipo hata zinazoandikwa "RX 580 2048SP", ambazo ndani ni RX 570.

GTX 1650 itarenda, na haitakusumbua umeme, wati 75 tu. Tatizo ni kumbukumbu ya GB 4. Sebule yenye makochi uliyopakua mtandaoni yenye tekscha za 4K itaijaza upesi. Ikijaa, Cycles inaanza kuazima RAM ya laptopu, na hapo ndipo ule waya uliokuwa hauna kazi unageuka kuwa foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni.

Ushauri wangu ni RTX 3060 ya GB 12, iliyotumika ikibidi. Ina viini maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo Cycles inavitumia ukichagua OptiX (njia ya kurenda ya kadi za Nvidia), na GB 12 zinakupa nafasi ya kuweka nyumba nzima na bustani yake. Inakula wati 170. Angalia maandishi vizuri, kuna 3060 nyingine ya GB 8 iliyokuja baadaye. Ukikosa, RTX 2060 ya GB 6 ni bora mara nyingi kuliko hizo mbili ulizotajiwa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, geuza laptopu uangalie upande wa kushoto. T480 ina matundu mawili ya USB-C, moja tu ndilo Thunderbolt, lina alama ya radi. Halafu sasisha fimwea (programu ya ndani ya kifaa) ya Thunderbolt kutoka tovuti ya Lenovo. Hilo ni la lazima kwa ThinkPad za miaka ile: fimwea ya zamani inaweza kulifisha tundu lenyewe, na likishakufa ni kubadilisha bodi.

Bakari_Likoni (Mombasa)

Ndugu zangu, nami nidandie hapo hapo. Yangu ni HP, tundu la USB-C ninalo lakini sioni alama ya radi. Nikinunua doki ya Thunderbolt, kile kifaa cha nje cha kuchomekea kadi, haitakubali hata kidogo?

fundi_ngarenaro

Haitakubali, kaka Bakari. Umbo la tundu ni moja, kilichomo ndani ni kingine. Isipokuwa kama mashine yako ni ya USB4, hiyo uiangalie kwenye karatasi ya sifa za modeli yako.

Njia iliyobaki kwako ni tundu la M.2, pale inapokaa SSD ya NVMe. Lina njia 4 za PCIe, na kuna adapta yenye utepe bapa unaotoka pale hadi kwenye kadi. Kasi yake ni nzuri kuliko Thunderbolt 3 kwa sababu hakuna kidhibiti cha katikati. Ila SSD lazima uihamishie kwingine, kifuniko cha chini kinabaki wazi au unakitoboa, na haichomolewi kompyuta ikiwa imewaka. Kwa laptopu inayokaa mezani sawa. Kwa mtu anayeibeba kwenda saiti kila siku, simshauri.

Mchoraji_Nyegezi

Fundi, Mungu akubariki. Nimegeuza, alama ya radi ipo kwenye tundu la pili. Fimwea nimesasisha leo mchana, imekubali. Sasa hapa Nyegezi umeme unakatika bila taarifa. Laptopu ina betri, je kadi?

fundi_ngarenaro

Kadi haina betri, na hilo ndilo swali ambalo wengi hawaulizi. Umeme ukikatika laptopu inabaki hai lakini kadi inapotea ghafla, na mara nyingi Windows inaganda na Blender inafunga. Weka UPS, hata ndogo ya desktopu, uweze kusimamisha kazi na kuhifadhi.

Ukirenda video ya kumtembeza mteja ndani ya nyumba, usitoe faili la video moja kwa moja. Toa picha za PNG moja moja, kisha kwenye mipangilio ya kutoa kazi ondoa tiki ya Overwrite. Umeme ukikata ukiwa picha ya 180, ukirudi unabonyeza tena na inaendelea pale pale. Washa na Persistent Data, ili nyumba isipakiwe upya kwenye kadi kwa kila picha.

Mengine nayataja haraka. Doki za wazi ni nafuu kuliko maboksi yenye chapa, ila unanunua pawa saplai mwenyewe. Chukua ya wati 450 ya kueleweka, yenye plagi ya pini 8, usichukue zile nyepesi ukizishika. Kwenye Blender chagua OptiX na uweke tiki kwenye kadi tu, i5 iache ipumue. Ukipata monita, ichomeke kwenye kadi yenyewe, maana picha ikirudi kwenye kioo cha laptopu inapita waya ule ule.

Mchoraji_Nyegezi

Nimepata 3060 ya GB 12 Kariakoo, imetumika. Ijumaa nashuka Dar. Nikaangalie nini?

fundi_ngarenaro

Iwashwe mbele yako kwenye desktopu ya dukani. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma sifa za kadi: kadi feki ya Nvidia mara nyingi inajiandika hapo hapo kuwa feki, na utaona kama kumbukumbu ni GB 12 kweli. Kisha chomeka flashi yenye Blender na faili lako la ile sebule, irende yote hadi mwisho. Wakati inarenda sikiliza feni na utazame nyuzi joto. Akikataa usirende, rudisha hela mfukoni uingie duka linalofuata.