Wauzaji wa kamera za filamu hapa Lubumbashi, "inapiga" si jibu!

Wandugu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nimechoka. Tumechoka wengi tunaopiga filamu katika mji huu, ila wenzangu wananung'unika pembeni kwenye vikundi vya WhatsApp kwa sababu hawataki kukosana na wauzaji. Mimi niko tayari kukosana nao.

Muulize muuzaji yeyote wa kamera za zamani hapa Lushi: "Kiongozi, hii ni nzima?" Anaikoki, yaani anaikaza tayari kwa kupiga, anabonyeza, inalia ka, anakutazama usoni. "Si umesikia? Inapiga." Basi, mazungumzo yameisha, toa dola. Ukirudi na filamu iliyoharibika anakwambia, "Siku unaichukua ilikuwa inapiga." Na kweli ilikuwa inapiga! Hapo ndipo penye wizi wenyewe, maana kamera ya renjifainda, ile yenye kidirisha cha kupimia umbali, inaweza kulia vizuri kabisa huku haifai kupiga picha hata moja.

Nianze na Zorki-4 niliyouziwa kwa maneno hayo hayo. Ni kamera ya Kirusi, ya kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, ilitoka kuanzia 1956 hadi 1973, imara kweli ikiwa nzima. Hiyo yangu ilikuwa na lenzi ya Jupiter-8, milimita 50, f/2, kioo safi. Nikaenda nayo kwenye kikao cha wazee waliostaafu kazi ya shaba, uani kwa mmoja wao pale komuni ya Kenya, hapa hapa mjini. Wengine walikuwa wametoka Likasi na Kolwezi kwa ajili ya siku hiyo tu. Walivaa suti, mmoja alileta kadi yake ya kazi ya zamani akaishika kifuani nimpige nayo. Nilisafisha filamu mwenyewe nyumbani, nikaitundika ikauke, nikaitazama mbele ya taa. Madoa meusi ya duara, fremu baada ya fremu, upande ule ule. Ukichapa, doa jeusi la negativu linageuka jeupe. Yule mzee mwenye kadi doa limemkalia juu ya jicho la kushoto na kumeza nusu ya paji la uso. Niambieni nimpelekee nini.

Kosa ni mashimo kwenye pazia la shata, ule mlango unaofunguka ili mwanga ufike kwenye filamu. Kwa wasiojua: kamera hizi hazina kioo cha kuakisi ndani kama zile kubwa za Zenit na Nikon. Nyuma ya lenzi ya Zorki kuna pazia la kitambaa chenye mpira, na nyuma ya pazia ni filamu. Ukiiacha kamera mezani bila kifuniko, lenzi ikitazama jua, jua linakusanywa mpaka linakuwa nukta moja kali juu ya kitambaa na kukitoboa. Kwa jua letu la mwezi wa kumi haihitaji muda mrefu. Pazia lililotobolewa linaendelea kukimbia kama kawaida, linalia kama kawaida, na mwanga unaingia kidogo kidogo muda wote unapotembea na kamera begani.

Je, ni vigumu kuligundua? Hata! Zorki-4 mgongo wake unatoka wote. Toa lenzi, toa mgongo, weka tochi ya simu upande mmoja na jicho upande wa pili, chumbani kwenye giza. Kagua, kisha koki, kagua tena, kwa sababu mapazia ni mawili. Shimo linawaka kama nyota. Muuzaji ana simu mfukoni, ana tochi, ana siku nzima ya kukaa kibandani akisubiri wateja. Hakutazama kwa sababu hakutaka kujua.

Na mkono wake pia tuuseme. Zorki hiyo hiyo ina sheria inayojulikana dunia nzima: unakoki kwanza, ndipo unabadilisha spidi. Ukizungusha kinundu cha spidi kabla ya kukoki unahatarisha mtambo wa ndani. Nimemwona muuzaji, mbele ya macho yangu, anazungusha kinundu cha kamera isiyokokiwa, krr krr krr, mbele na nyuma, ili kumwonyesha mteja kwamba "spidi zote zipo". Nikamwambia, baba, unaiua. Akanijibu nisimwaribie biashara.

Twende kwenye Yashica Electro 35, maana hizo ndizo nyingi. Imetoka 1966, iliuzwa kwa mamilioni, na familia nyingi za makada wa zamani hapa mjini wanayo kabatini. Shata yake inaongozwa na umeme. Betri ikikosekana, shata bado inapiga, lakini inapiga spidi moja tu, 1/500 ya sekunde. Giza au jua, ni 1/500. Sasa hawa ndugu zetu wanaiuza bila betri, wanabonyeza, ka, "inapiga". Ndiyo inapiga! Unaingia nayo kanisani, kila fremu inatoka tupu kama kioo kwenye negativu, huna kitu. Nikiwauliza betri wananiambia za zebaki za volti 5.6 zimeondolewa sokoni. Ni kweli, zimeondolewa. Lakini betri nne ndogo za LR44, zilizopangwa mstari na kipande cha foili kujaza nafasi, zinatoa volti 6 na kamera inazikubali. Weka hizo, bonyeza kitufe cha kupimia betri, taa ya kijani iwake. Halafu vuta mkono wa filamu usikilize: lazima kisikike kishindo kizito ndani, dup. Kisiposikika, ujue kile kipande kidogo cha mpira ndani kimeoza, na hesabu ya mwanga haiaminiki tena. Mlio mnaopaswa kumsikilizisha mteja ni huo!

Kuhusu "Leica", ile kamera ya Kijerumani, nitasema kwa sauti zaidi kwa sababu hapo fedha ni nyingi na kijana mmoja alishatoa avansi, malipo ya mwanzo. Alionyeshwa kamera ya rangi ya dhahabu, imechongwa ndege tai na maneno ya Kijerumani, akaambiwa ni Leica ya vita aliyoiacha Mbelgiji. Dola elfu na mia tano. Wandugu, Leitz, kampuni yenye Leica, walitengeneza Leica chache za dhahabu kati ya 1929 na 1931, na hizo hazikuwa na renjifainda ndani yake kabisa. Ya kijana ilikuwa nayo. Nilifungua lenzi, nikatazama ndani ya koo la kamera, pale juu, ule ulimi unaosukumwa na lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica ya kweli ncha yake ni gurudumu dogo la mviringo. Kwenye FED, kamera nyingine ya Kisovieti, na Zorki za kwanza ni kipande bapa kama kabari. Hii ilikuwa kabari. Ni FED iliyopakwa rangi, basi. FED yenyewe haina aibu yoyote: ilianza 1934 kule Kharkiv, katika koloni la vijana yatima lililoongozwa na mwalimu Makarenko, wakanakili Leica II mpaka ikawa kamera ya watu wa kawaida. Iuze kwa jina lake na bei yake, nitainunua mimi wa kwanza. Kumpaka dhahabu na tai ili umle kijana akiba yake ni uovu. Muuzaji amekataa kurudisha avansi. Anasema na yeye aliuziwa hivyo.

Kuna jambo la renjifainda yenyewe, maana bila hiyo unanunua sanduku tu. Ndani ya kidirisha unaona taswira mbili, unazungusha lenzi mpaka zinakaa moja juu ya nyingine, hapo umepata umbali. Lushi tuna bahati: bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, linaonekana kutoka mbali sana. Weka lenzi kwenye ∞, alama ya mbali kabisa, tazama bomba. Likiwa moja, vizuri. Ukiona mabomba mawili, au moja limekaa juu kuliko lenzake, kamera hiyo itakudanganya kwenye kila uso utakaoupiga kwa f/2, lenzi ikiwa wazi kabisa. Kisha jaribu na kitu cha mita moja, kwa sababu kuna nyingine zinakubali mbali na kukataa karibu. Nimeomba nitoke na kamera hatua chache nje ya kibanda nifanye jaribio hilo, nikakatazwa, eti nitakimbia nayo. Nikasema twende wote. Hakutaka.

Fangasi sitakaa nayo sana, kila mtu anaijua. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, kamera iliyofungiwa kwenye kifuko chake cha ngozi inaota nyuzi kwenye vioo, ngozi inashika unyevu. Zikikaa sana zinakula kioo chenyewe na hakuna kitambaa kitakachozitoa. Tochi tena! Weka spidi ya B, inayoacha shata wazi ukiwa umebonyeza, fungua lenzi mpaka mwisho, pitisha mwanga. Dakika moja.

Mafundi nao. Simzungumzii fundi anayejua. Wale wazee wachache wa studio waliobaki nawaheshimu sana. Nazungumzia wanaotia mafuta ya cherehani kwenye shata ya Canonet au Yashica ili "ilainike". Zile shata ni visu vyembamba vinavyolaliana katikati ya lenzi, vinatakiwa viwe vikavu kabisa. Mafuta yanavigandisha. Siku ya kuuzwa inapiga, wiki mbili baadaye visu havifunguki. Kinachotakiwa ni kusafishwa kwa benzini nyepesi ya kujazia viberiti, na mkono wenye subira.

Halafu kuna hili linaloniuma kuliko fedha. Lenzi za Jupiter zinang'olewa zinauzwa peke yake kwa wenye kamera za dijitali, na mwili unaobaki unapakwa rangi na kuwekwa kwenye dekoro za harusi, bibi arusi anashika Zorki tupu shavuni. Katika mji huu! Mji ambao picha za zamani za Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, zilizotunzwa ndizo zilizompa msanii wa picha Sammy Baloji kazi iliyozunguka dunia. Tunajua kabisa picha iliyohifadhiwa ina uzito gani kwetu, na mashine zilizobaki za kupigia nyingine tunazifanya mapambo.

Filamu hatuipati kirahisi. Roli ya HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, tunamwagizia mtu anayetoka Johannesburg, tunaomba Mungu mashine za uwanja wa ndege zisiichome. Ina picha 36. Ukimharibia mtu roli hiyo kwa kamera uliyojua ni mbovu, umemla fedha, muda, na watu waliosimama mbele ya lenzi yake.

Ninachodai si ghali. Unayetangaza kamera ya renjifainda, tuonyeshe pazia likiwa mbele ya tochi, pande zote mbili. Tuonyeshe lenzi ikipitishwa mwanga. Ikiwa ya umeme, iwe na betri ndani. Ikiwa mbovu, andika mbovu, na upunguze bei. Wako tutakaoinunua kwa vipuri na tutakushukuru. Mteja apewe siku za kutosha kupiga roli moja na kuisafisha, na ikirudi na kasoro ambayo hukuitaja, fedha zake zirudi.

Na wewe uliyetangaza Canon 7 jana usiku kwenye kikundi, naanza na wewe. Ni kamera nzuri, ya 1961, na mapazia yake ni ya chuma, kwa hiyo usiniambie habari za jua. Lakini chuma hicho kikibonyezwa na kidole kinajikunja. Kimejikunja au hakijajikunja? Sindano ya kipima mwanga cha seleni inaamka ukiielekeza dirishani au imekufa? Bomba la Gécamines ni moja au mawili? Nijibu hapa, na picha. Ukinijibu "inapiga", jibu lako nitaliacha hapa hapa kila mtu alisome kabla hajakutumia dola.