MSAADA: Amri ya infraredi (mwanga wa rimoti usioonekana) kwenye simu ya Galaxy S4 inakubali ila TV haizimi

Kijana_wa_Terminali: Wakuu habari za muda huu. Nina S4 ya zamani nishairuti (nishafungua ruhusa zote za mfumo), nataka izime TV yenyewe ikifika saa tano usiku. Naandika echo "38000,..." > /sys/class/sec/sec_ir/ir_send, haileti eroo yoyote lakini TV inapiga tu. Usingizi sina, msaada wenu.

Mzee_wa_Soda: Pakua app ya rimoti, unajitesa bure.

Kijana_wa_Terminali: App mpaka nibonyeze mkuu, sitaki kubonyeza.

Jangwani_Damu: S4 umenikumbusha mbali, jamaa yetu alikuwa nayo tuko bar dakika ya 89 akahamisha chaneli kwa simu, alitoka mbio kiatu kimoja 😂

WayaMwekundu: Hizo nukta tatu ndo zina shida yako, weka namba zote. Na TV gani?

Kijana_wa_Terminali: LG. 9000,4500,560,560 na kuendelea.

WayaMwekundu: Basi ndo hapo. Hizo ni maikrosekunde, hilo faili linahesabu mizunguko ya wimbi. Kwenye 38000, yaani mizunguko 38000 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni kama maikrosekunde 26, kwa hiyo 9000 andika 342, 4500 weka 171, 560 weka 21, 1690 weka 64. Halafu elekeza kamera ya mbele ya simu nyingine pale juu ya S4, ukiona zambarau inamemeta ujue inatoa. Angalizo: kodi ya kuzima ndo hiyohiyo ya kuwasha, ukikuta imezimwa utaiwasha. Kwani umekaa mbali nayo?

Kijana_wa_Terminali: Mita tano hivi, ng'ambo ya uwanja.

WayaMwekundu: Uwanja? TV ya nani?

Kijana_wa_Terminali: Ya baba mwenye nyumba. Anafungulia mpaka saa nane, mwanangu ana mtihani wa darasa la saba. Siibi kitu, na skripti (faili la hizo amri) nishaiweka ijiwashe simu ikiwaka.

Mama_Wawili: Mwanangu, mzee wa watu huzimiwi TV ndani kwake. Mfuate na salamu umweleze, nae ana wajukuu.

Bwana_Ushahidi: Chai hii. Tangu lini infraredi ikapita ukutani?

Kijana_wa_Terminali: Nani kasema ukuta? Madirisha yanatazamana, kwake nyavu tu na TV imeelekea kwangu.

Bwana_Ushahidi: Picha iko wapi?

WayaMwekundu: Chai au si chai, hesabu ni hizo. Umejaribu 342?

Kijana_wa_Terminali: Zambarau naiona kwenye kamera. Mama nimekusikia ila kwa mzee nilishaenda, akaongeza sauti. Saa tano naiachia.