Kwa nini Curt Flood hadi leo hayumo Ukumbi wa Magwiji wa besiboli?

Mpiga Kona

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili hunikera kila Januari matokeo ya kura za Cooperstown, mji uliko ukumbi huo, yakitoka, leo nimeamua kulimwaga hapa.

Kwa wasiomjua: Flood alichezea St. Louis Cardinals misimu 12. Alisimama katikati kule nyuma kabisa, mahali ambapo mpira ukipigwa juu na mbali mnabaki wewe na miguu yako. Alichukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara 7 mfululizo, 1963 hadi 1969, na msimu mzima wa 1966 hakufanya kosa hata moja la ulinzi. Ubingwa wa 1964 na wa 1967 alikuwemo.

Oktoba 1969 akaambiwa amepelekwa klabu ya Philadelphia. Hakuulizwa. Enzi hizo mikataba ilikuwa na kipengele cha kumfunga mchezaji: mkataba ukiisha, bado wewe ni wa klabu mpaka wakuuze au wakutupe. Jamaa alikuwa analipwa dola 90,000 kwa mwaka, hela ndefu wakati ule, angeweza kunyamaza akala maisha. Tarehe 24 Desemba akamwandikia kamishna Bowie Kuhn, mkuu wa ligi, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kuhn akakataa, Flood akaenda mahakamani. Jackie Robinson alikwenda kumtolea ushahidi. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwangusha, majaji 5 kwa 3, na mpira wake ulikuwa umeshakwisha. Desemba 1975 msuluhishi akawaweka huru wachezaji Andy Messersmith na Dave McNally, kipengele kikafa, na mamilioni tunayoyasikia leo yakaanzia pale.

Sasa oneni. Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji aliyesimama na Flood, yumo ukumbini. Kuhn, aliyemkatalia, naye yumo tangu 2008. Flood hayumo. Nielezeni.

Mzee wa Takwimu

Mkuu, ule ni ukumbi wa mpira, si wa mahakama. Mipigo 1,861, wastani wa upigaji .293, homurani 85 (mipigo ya kuzunguka vituo vyote). Mchezaji mzuri, hilo sibishi, ila wazuri wako wengi. Waandishi wa besiboli, ndio wapiga kura, wanadai 75% ya kura na yeye hakuwahi hata kuinusa. Barry Bonds ana homurani 762, yuko nje. Pete Rose mipigo 4,256, yuko nje. Unataka Flood awaruke hao?

Mtu anayestahili huwa hahitaji wakili. Pat Summitt, kocha wa kikapu cha wanawake wa chuo kikuu cha Tennessee: ushindi 1,098, ubingwa wa taifa mara 8. Alipoingizwa Springfield, kwenye ukumbi wa magwiji wa kikapu, mwaka 2000 nani alinyanyua mkono kupinga?

Mpiga Kona

Bonds na Rose hawakuzuiwa na takwimu, mzee wangu. Bonds ni tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, Rose ni kamari. Kumbe wapiga kura huwa wanaangalia ya nje ya uwanja wakitaka kumfungia mtu mlango. Kumfungulia ndiyo hawataki?

Na huko Springfield unakosema, ukumbi una jina la James Naismith. Mwanzilishi wa kikapu, 1891. Akiwa kocha pale Kansas alishinda mechi 55 na kufungwa 60, kocha pekee katika historia ya chuo kile aliyepoteza nyingi kuliko alizoshinda. Tukalibandue jina lake?

Mguu wa Nne

Hahaha, Naismith umempata pazuri. Mie besiboli siijui sana, ni mtu wa riadha, lakini mjadala wenu naujua kwa sababu ya kocha mmoja: Ed Temple.

Mzee wa Takwimu atafurahi kwanza: chuo cha Tennessee State, Nashville, zaidi ya miaka 40 kazini, wasichana 40 wakafika Olimpiki, medali 23, dhahabu 13. Lakini takwimu hizo hazikuonyeshi gari. Temple aliwapakia wanariadha wake akawaendesha yeye mwenyewe majimbo ya Kusini, na chakula walibeba, kwa kuwa migahawa ya njiani haikuwahudumia weusi. Vyoo vya vituo vya mafuta vilevile. Unasafiri hivyo saa kadhaa, unashuka, unanyoosha misuli, unaambiwa kimbia. Halafu darasani alikuwa mwalimu wa sosholojia, na msichana asiyesoma kwake hakuwa na nafasi.

Roma 1960, mita 100 mara 4: wasichana wote wanne ni wa kwake, Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma Rudolph. Timu ya taifa imetoka chuo kimoja! Aliyewahi kupokea kijiti ataelewa kilichotokea fainali. Unaondoka kabla mwenzako hajakufikia, mkono nyuma, hutazami, unasubiri kuguswa kiganjani. Kikichelewa kidogo tu inabidi ukate mwendo, na kukata mwendo kwenye mguu wa mwisho ni kuiaga dhahabu. Rudolph alikipokea vibaya, nusura kimponyoke, Mjerumani akawa mbele. Akamfukuza akampita. Huyo ndiye aliyeugua polio utotoni akavaa vyuma mguuni. Dhahabu ya 3 katika michezo ile ile.

Baadaye akaja Wyomia Tyus, mita 100 Tokyo 1964 na tena Mexico City 1968. Mtu wa kwanza duniani kutetea taji hilo, mwanamke au mwanamume. Wengi wanadhani ni Carl Lewis, wakati Lewis alifanya hivyo miaka 20 baadaye.

Rudolph aliingia ukumbi wa Olimpiki wa Marekani mwaka 1983. Kocha wake? 2012. Miaka 29 mlangoni, na yeye alikuwa na hizo namba mnazozililia. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba namba ndizo zinazofungua.

Kibarua

Mguu wa Nne, maua yako.

Naongeza Buck O'Neil. Alicheza na kuinoa Kansas City Monarchs enzi za ligi za weusi, na 1962 Chicago Cubs wakamfanya kocha wa kwanza mweusi katika ligi kuu. Mwaka 2006 kamati maalumu ikapitisha watu 17 wa zile ligi kwa mpigo, yeye ikamwacha. Inasemekana ni kwa kura moja. Ana miaka 94! Mngetegemea asuse. Akapanda jukwaani Cooperstown kuwasemea wale 17, wote marehemu, na akawaimbisha watu waliofika. Oktoba ile ile akafariki. Wakamwingiza 2022.

Mimi hapo ndipo ninaposhikwa na hasira. Flood naye alikufa Januari 1997. Hata wakimpitisha kesho, atakayepokea bamba ni mjane au mtoto.

Mzee wa Takwimu

La O'Neil limenigusa, sikatai. Temple pia. Lakini wote wawili walikuwa makocha na walezi wa mchezo, na Miller alikuwa kiongozi. Flood mnamwingiza kwa mlango gani? Akiingia kama mchezaji, nabaki na namba zangu. Wamfungulie ule wa waliouinua mchezo, hapo kura yangu mnayo.

Mpiga Kona

Mlango wowote, mzee, hata wa jikoni. Kamati ya enzi za zamani inakutana tena Desemba 2027: majina 8, wajumbe 16, anayepata kura 12 anapita. Rose aliondolewa marufuku ya besiboli Mei 2025, baada ya kufa, kwa hiyo kelele zote zitakuwa juu yake. Nachoomba Flood awe mmoja wa wale 8. Wakimpitisha mcheza kamari wakamwacha huyu, nafufua uzi huu na sitakuwa na adabu niliyonayo leo.