Prosesa inafika nyuzi 97 hata baada ya kubadilishiwa pesti: tatizo liko wapi?

Mhariri wa Sinza

Habari za jioni, wakuu. Nina kompyuta mpakato ya miaka mitano ambayo ninaitumia kuhariri video za harusi, na kwa kuwa chumba changu hakina kiyoyozi, joto la Januari hapa Dar es Salaam limeitesa sana. Miezi miwili iliyopita fundi aliibadilishia pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto unaopakwa juu ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), lakini nikianza tu kutoa video iliyokamilika, programu ya kupima joto inaonyesha nyuzi 97 za Selsiasi, feni inavuma, na kazi ya dakika 20 inachukua karibu saa nzima. Je, ninunue pesti ya bei kubwa zaidi?

Fundi Kariakoo

Mkuu, usikimbilie kununua. Kazi ya pesti ni kuziba vinafasi vya hewa vilivyo kati ya uso wa prosesa na bamba la shaba linaloondoa joto, kwa sababu hewa haipitishi joto vizuri. Lakini pesti yenyewe haiikaribii shaba kwa kupitisha joto, ndiyo maana ikirundikwa inageuka kuwa godoro la kuzuia joto. Kati ya pesti ya kawaida iliyopakwa vizuri na ile ya ghali, tofauti huwa ni nyuzi chache tu. Prosesa nyingi za aina hiyo hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na huko ndiko kuchelewa kwako kunakotoka. Zima kompyuta, fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri, kisha tazama mapezi ya shaba pale feni inapotolea upepo. Kwa vumbi letu hili, ninayoyakuta humo kila wiki yananisikitisha.

Mama Tabata

Naomba kuongezea kuhusu upakaji, kwa kuwa niliwahi kukosea. Futa pesti ya zamani yote kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukitumia kitambaa kisichoacha nyuzi, na usubiri pakauke. Prosesa ya kompyuta mpakato mara nyingi haina kifuniko cha chuma, hivyo tandaza utando mwembamba unaofunika uso wote hadi pembeni. Skrubu za bamba kwa kawaida zimeandikiwa namba: zifuate, ukikaza kila moja kidogo kidogo hadi zote zishike. Tafadhali usishawishike na ile metali ya majimaji ambayo wengine huipaka badala ya pesti, kwani ina galiamu inayokula aluminiamu, na ikidondokea ubao mama inaweza kuunguza kila kitu.

Mhariri wa Sinza

Ahsanteni sana, nimefungua leo asubuhi. Kwenye mapezi nimetoa vumbi lililoshikana kama kipande cha sufi, lakini kilichonishtua zaidi ni skrubu namba 3, ambayo ilizunguka kwa kidole bila bisibisi. Nilipoinua bamba, pesti ilikuwa nene upande huo kama haijaguswa, na upande wa pili imebanwa hadi shaba inaonekana. Nimesafisha, nimepaka ile ile ya kawaida, nimekaza kwa namba. Video ya harusi ya Jumamosi imetoka bila kuvuka nyuzi 84, chumba ni kile kile na dirisha liko wazi.