Nyumba mbili Section 58, mitandao mitatu: kalenda zinanigonganishia wageni

MamaWaSection58

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia haya kwa mikono yake.

Nina nyumba mbili za BnB hapa Nakuru, Section 58, kwenye ploti aliyotuachia baba. Moja ina chumba kimoja cha kulala, ya pili ina viwili. Nilianza mwaka 2022 na Airbnb peke yake, mtandao ambao wageni huwekea nafasi za malazi, simu moja na kaunta buku. Kila mgeni nilimwandika kwa wino wa bluu akiingia na mwekundu akitoka, na sikuwahi kukosea. Kisha shemeji akanishauri niongeze Booking.com, baadaye nikaongeza Vrbo, mitandao ya aina hiyo hiyo, na sasa kuna wageni wa zamani wanaonipigia moja kwa moja. Wageni wameongezeka kweli, ila siku hizi simu ikilia usiku naruka kitandani.

Kilichonivunja moyo ni Ijumaa ya Safari Rally, yale mashindano ya magari, Machi 2025. Naivasha ilikuwa imejaa, na waliotaka kuamkia mbio za Soysambu na Sleeping Warrior walikuwa wakitafuta malazi mpaka huku kwetu. Saa kumi na dakika arobaini jioni baba mmoja wa Eldoret aliweka nafasi ya nyumba ya vyumba viwili kwenye mtandao wa kwanza. Nikamwambia dada anayenisaidia usafi atandike na godoro la watoto, nikaenda sokoni. Saa kumi na moja na robo vijana wawili wa Nairobi wakaweka nyumba ile ile, usiku ule ule, kwenye mtandao wa pili. Simu ilikuwa mkobani, chini ya sukuma wiki. Kalenda nilikuwa nimeziunganisha kwa viungo vya iCal, nikaamini moja ikifungwa nyingine inajifunga. Ilijifunga, lakini saa mbili usiku.

Saa tatu wote wako langoni. Nyumba niliwapa wenye watoto. Vijana niliwapeleka kwenye gesti ya jirani, na kwa vile bei zilikuwa zimepanda, usiku ule ulikuwa 8,500. Wao walikuwa wamelipa 6,000, kwa hiyo 2,500 niliongeza mimi. Hawakunifokea. Mmoja aliniambia tu, "Mama, tuko barabarani tangu saa kumi na mbili, tunataka kulala." Hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

La pili ni bei. Kwa ile ya chumba kimoja nataka kubaki na 4,000 kwa usiku. Airbnb nimeandika 4,000. Booking.com wananikata kamisheni ya asilimia 15, nikaongeza hiyo asilimia 15, nikaandika 4,600. Wa simu nawaambia 4,000, wakinibembeleza nashuka 3,500. Wiki iliyopita nilikaa chini na kaunta buku nikakuta usiku kadhaa ambao nilibaki na 3,100 na ushei, na sijui zile nyingine zilikwenda wapi.

Je, nilipie programu ya kuunganisha mitandao yote? Au nyumba mbili ni chache mno kwa gharama hiyo? Tafadhali nisaidieni kabla ya Desemba.

UpepoWaDunga

Pole sana dada. Niko Kisumu, nyumba tatu Milimani na moja upande wa Dunga, na hilo la wageni wawili langoni limenipata mara mbili. Najua unavyojisikia.

Watu huidhania iCal ni waya, kwamba ukivuta huku kule kunatikisika. Sivyo. Ni kiungo ambacho kila mtandao huenda kukichungulia kwa wakati wake, baada ya saa mbili tatu, pengine zaidi. Katikati hapo mlango uko wazi, na ndipo vijana wako walipopitia. Tena kinachosomwa ni tarehe zilizofungwa basi. Bei haipiti, wala idadi ya chini ya siku za kukaa.

Halafu hesabu viungo. Kwenye mitandao mitatu kila mmoja lazima usome kalenda za wenzake wawili. Hivyo ni viungo sita kwa nyumba moja, kumi na viwili kwa zako mbili. Kimoja kikikosekana hutajua mpaka siku ya msongamano. Fanya jaribio hili leo: funga Jumanne moja ya mbali, tuseme miezi mitatu ijayo, kwenye mtandao mmoja, kesho asubuhi uangalie kama imejifunga kwingine. Rudia kwa kila mtandao na kila nyumba. Mimi nilipofanya hivyo niligundua nyumba ya Dunga ilikuwa inasoma kalenda ya nyumba ya Milimani, kwa sababu nilinakili kiungo cha juu badala ya cha chini. Ilikaa hivyo miezi minne.

Kilichoniokoa ni kuzuia nafasi za siku hiyo hiyo kwenye mitandao yote isipokuwa mmoja. Kwenye mingine mgeni lazima aniarifu angalau siku moja kabla, kwa hiyo kalenda zina usiku mzima wa kusomana. Mgeni wa leo kwa leo ananipata mahali pamoja tu. Na wikendi kubwa ninazozijua nazifunga kote wiki mbili kabla, nabakisha mtandao mmoja wazi. Unapoteza wageni wachache, ni kweli, lakini wikendi kama ile ya Rally nyumba itajaa hata ukiiweka mahali pamoja.

Wa simu ndio wanaohitaji uangalifu zaidi. Huku kwetu Alhamisi simu hazinyamazi: jamaa wanakuja kutoka Nairobi kwa mazishi ya Jumamosi, Seme, Nyakach, Bondo, wanataka mahali pa watu sita au wanane. Wako kwenye majonzi, hawana moyo wa kufungua mitandao, wanataka jibu papo hapo. Zamani nilikuwa nasema "ipo, karibuni" kisha nafunga kalenda baadaye. Sasa naomba dakika tano, nafunga tarehe kwa mkono kila mahali, ndipo namrudia kumwambia ipo. Mtu aliyefiwa huwezi kumwambia langoni kwamba mlikosana na kompyuta.

Bei siwezi kukupangia, kwa sababu kwangu nyumba hujaa Jumatatu hadi Alhamisi, watu wa mikutano na mashirika. Kwako nadhani ni wikendi.

KiamunyiJuu

Shikamoo mama. Mimi jirani yako, Kiamunyi. Kabla hujanunua programu yoyote, hiyo Vrbo imekuletea wageni wangapi?

Na ulifanya vyema kuwatafutia vijana mahali badala ya kufuta nafasi yao. Sheria za Airbnb, kwa mfano, mwenyeji akifuta nafasi ikiwa imebaki chini ya saa 48 mgeni aingie, ada yake ni nusu ya thamani ya nafasi hiyo, na haishuki chini ya dola 50. Juu ya hapo, anayetaka kuwa Superhost, yaani mwenyeji mwenye beji ya sifa, kufuta kwake lazima kuwe chini ya asilimia 1.

MamaWaSection58

Marahaba mwanangu. Nimefungua kaunta buku. Tangu niingie Vrbo nimepata wageni wawili. Wawili! Na kwa hesabu ya ndugu yetu wa Kisumu, nikiitoa nabaki na viungo vinne badala ya kumi na viwili. Vinane nimevibeba kwa ajili ya watu wawili. Naitoa leo.

KaratasiNaKalamu

Nijibu la bei, naona limebaki pale pale. Niko Naivasha, nyumba moja, na kila shilingi yake naiandika.

Ulipoongeza asilimia 15 juu ya 4,000 ulipata 4,600. Lakini kamisheni inakatwa kwenye hiyo 4,600. Asilimia 15 yake ni 690, unabaki na 3,910. Kila usiku umepoteza 90 bila kujua. Ukitaka kubaki na 4,000 usijumlishe, gawanya: 4,000 kwa 0.85, unapata 4,706. Kwenye Airbnb, kama ukurasa wako wa malipo unaonyesha bado uko kwenye mpango wa ada kugawanywa, mwenyeji hukatwa asilimia 3. Gawanya 4,000 kwa 0.97, andika 4,124. Ukiona 4,124 huku na 4,706 kule utadhani unamwonea mgeni wa kule, lakini wa Airbnb naye anaongezewa ada yake, asilimia 14 hivi, na akimaliza kulipa inafika 4,700 vilevile. Hao wageni wawili wanatoa mfukoni karibu kiasi kimoja.

Sasa zile 3,100 na ushei. Ingia Booking.com, nenda kwenye matoleo ya bei, uangalie ulikubali nini siku ya kujiandikisha. Nadhani utakuta Genius, punguzo la wateja wao wa mara kwa mara, imewashwa, na bei ya wanaotumia simu imewashwa, kila moja asilimia 10. Hizi zinafuatana. 4,600 toa asilimia 10 ni 4,140. Toa 10 tena ni 3,726. Kisha kamisheni ya 15 inakatwa hapo, na mkononi mwako inafika 3,167. Linganisha na kaunta buku yako.

Mimi ningezima ile ya simu, niache Genius kwa sababu hao ni wasafiri wa mara kwa mara na kwangu wamekuwa watu wazuri, niandike 5,000. Wa Genius atalipa 4,500, ubaki na 3,825. Asiye na Genius atalipa 5,000, ubaki na 4,250. Hapo sijagusa tozo ya utalii ya asilimia 2. Ihesabu nayo.

Kitu kingine ni urefu wa kukaa. Kila mgeni akitoka mimi nalipa 800, yaani 500 za usafi na 300 za kufua mashuka. Wa usiku mmoja anaimeza yote 800 peke yake. Wa usiku nne ni 200 kwa usiku. Ndiyo maana Ijumaa na Jumamosi siuzi usiku mmoja, ila Jumanne nauza na kushukuru. Na wale wanaokubembeleza kwa simu hadi 3,500, waulize kwanza wanakaa siku ngapi. Kwa siku nne hiyo bei si mbaya. Kwa usiku mmoja umeshuka hadi 2,700 kabla ya tokeni za stima.

Kuhusu Rally, usipange kwa mazoea. 2021, 2022 na 2023 ilikuwa Juni. 2024 ikahamia Machi, ikaangukia wikendi ya Pasaka. Mimi nilikuwa nimepandisha bei za Juni, na hiyo wikendi ya Machi nilikuwa nimeshaiuza mapema, usiku tatu kwa bei ya kawaida, kwa familia moja kutoka Thika. Sikuwaghairi, walikuja na keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Lakini tangu hapo tarehe zikitangazwa tu, bei naziandika siku hiyo hiyo.

Programu? Ukiunganisha Airbnb kupitia programu kama hizo, unahamishiwa ada ya upande mmoja, asilimia 15.5, ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2025. Mgeni haongezewi ada tena, wewe ndiye unayekatwa yote. Ukisahau na kuacha bei 4,124 utabaki na 3,485. Itabidi uandike 4,734. Kwa nyumba mbili na mitandao miwili mimi ningesubiri.

UpepoWaDunga

Hapo natofautiana nawe kidogo, ndugu. Nimehamia programu nilipofikisha nyumba ya nne, na tarehe zinafungwa papo hapo, silali tena na simu kifuani. Ila kwa dada, kwa sasa, nakubali asubiri. Na hata ukiwa nayo, wa simu bado unawaingiza kwa mkono.

MamaWaSection58

Nimerudi kuwapa habari, maana mmenipa muda wenu.

Genius ilikuwepo, bei ya simu ilikuwepo, na kulikuwa na ya tatu ambayo sikumbuki kabisa kuiwasha, ya wanaokaa wiki nzima. Hiyo ya wiki nimeiacha. Ya simu nimezima. Nimeandika 5,000 kule na 4,124 huku, na 3,167 nimeikuta kwenye kaunta buku mara nne, kama ulivyosema, hadi shilingi ya mwisho. Niliinama mezani nikalia kidogo, kwa sababu miezi yote hii nilimshuku dada wa usafi. Nimemwomba msamaha. Hakujua hata kama nilikuwa namshuku, lakini nilihitaji kumwambia.

Jaribio la Jumanne nimelifanya. Viungo vitatu vilisoma, cha nne hakikuwepo kabisa. Kwenye nyumba ya vyumba viwili mtandao wa kwanza haukuwa umewekewa kalenda ya wa pili. Kwa maana nyingine, upande huo haukuwahi kujifunga hata siku moja, na Mungu ndiye aliyenilinda. Sasa nimekiweka, na nafasi za siku hiyo hiyo ziko mahali pamoja tu.

Wale vijana wa Nairobi niliwaandikia kuwaomba radhi tena, nikawaambia wakipita Nakuru usiku mmoja ni wangu. Mmoja amejibu leo asubuhi. Watapita tarehe 20 Desemba wakienda kwao Kakamega. Nimeifunga kote, kisha nikaiandika kwenye kaunta buku kwa wino wa bluu.