Nimelipa milioni sita na nusu nikawinde nyati Namibia. Kumbe shamba lenyewe halina nyati hata wa picha

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Mimi nakamua alizeti, mashine iko Kibaigwa, nyumbani Dodoma mjini. Si tajiri. Msimu uliopita ulinikubali, nikasema kabla sijagonga hamsini nitimize jambo nililobeba tangu utoto: kumpiga nyati kihalali, mwindaji bingwa akiwa pembeni yangu na karatasi zote mkononi. Nimekulia Manyoni. Baba mkubwa alikuwa traka miaka mingi kule mapori ya akiba ya Rungwa na Muhesi, anawasomea Wazungu nyayo. Stori za nyati nimezila pamoja na ugali.

Najua kuna mtu ataandika kabla hajamaliza kusoma: "Rungwa iko mlangoni, Namibia unafuata nini?" Bei, ndugu yangu. Uwindaji wa kitalii hapa kwetu unanunua safari nzima ya siku nyingi, na hesabu yake ni maelfu ya dola hata kabla hujaona mkia. Leseni ya mwindaji mkazi ipo kisheria, sawa, lakini ukishaipata unajijua mwenyewe, gari lako, kambi yako, roho yako. Mimi mnyama mkubwa kabisa niliyewahi kumpiga ni kanga. Nilitaka mtu wa kunishika mkono. Namibia sheria yao ya tangu 1975 inampa mwenye shamba haki juu ya wanyama walio ndani ya uzio wake, kwa hiyo anawauza mmoja mmoja kama mbuzi wa mnadani. Hapa kwetu wanyamapori wote ni mali ya umma. Ndiyo tofauti, na ndiyo iliyonivuta.

Nikaunganishwa na wakala wa Dar. Jina sitaji. Kijana wa suti, mdomo umepakwa asali. Akaniandikia WhatsApp: siku 7, nyati 1, choroa 1 (swala mkubwa mwenye pembe ndefu), ngiri 2, "kila kitu ndani ya bei, mkuu". Tarehe 10 Desemba, eti mwisho wa mwaka bei zinashuka na watoto wamefunga shule, njoo na shemeji. Nikatuma advansi milioni sita na nusu. Risiti ninayo.

Wiki tatu naomba mkataba. Naambiwa unakuja. Mwishowe ukaja, kurasa mbili, na jina la shamba karibu na mji wa Otjiwarongo. Nikalitafuta mtandaoni, nikamwandikia mwenye shamba kwa Kiingereza changu cha kuunga na gundi: nyati wenu wana ukubwa gani?

Mzee wa watu akajibu siku hiyohiyo, kwa adabu kabisa. Hatuna nyati. Hatujawahi kuwa nao.

Halafu akanielimisha bure, kitu ambacho wakala niliyemlipa hakukifanya. Namibia wana uzio wa mifugo uliokatiza nchi mashariki hadi magharibi, kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo usishuke kwa ng'ombe wa kusini. Nyati ndiye anayebeba virusi vya ugonjwa huo. Kwa hiyo nyati wengi wa kuwindwa wako kaskazini mashariki huko, mkoa wa Zambezi, hifadhi ya Bwabwata, ng'ambo ya uzio. Otjiwarongo iko kusini yake. Nimeuziwa migebuka ya Kigoma kwenye bwawa la Hombolo!

Nikadhani yameisha. Akauliza tena: na hiyo tarehe, kakupa nani? Msimu wao wa uwindaji wa nyara (yaani wa kuchukua pembe na ngozi) unafunguliwa 1 Februari na kufungwa 30 Novemba. DESEMBA PAMEFUNGWA. Yaani ningeshuka Windhoek na mke wangu na bunduki, nikapige picha na uzio.

Bunduki nayo ni kituko chake. Nina raifo ya .30-06, nina leseni yake. Wakala akasema "hiyo inaangusha chochote, mkuu". Nikampigia baba mkubwa Itigi, kwa sababu sasa nilikuwa siamini hata saa yangu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, na hiyo nyati utamkasirisha tu." Sheria ya Namibia inapima nguvu ya risasi ikitoka mdomoni mwa bunduki: choroa au tandala joule 2,700, nyati 5,400. Ya kwangu haifiki hata 4,500. Hapo watu wanaingia na bunduki za ukubwa wa .375 kwenda juu. Halafu hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, unabadilisha njiani, na ikiwa ni Johannesburg na mzigo ukalazimika kuuchukua na kuuingiza upya, polisi wa Afrika Kusini nao wanataka kibali chao. Hilo wakala hakuligusa. Wala hakuniambia kwamba mashamba mengi yanakodisha bunduki, ningeacha ya kwangu kabatini nikalala usingizi.

Sasa njooni kwenye "kila kitu ndani ya bei". Hapa ndipo presha ilipopanda. Nilimwomba mwenye shamba orodha yake halisi, nikaiweka mezani pembeni ya ile meseji. Kumbe bei niliyopewa ni ada ya siku tu: kitanda, chakula, gari, mtu wa kukuongoza. Mnyama analipiwa peke yake, kila mmoja na ada yake ya nyara. Mke wangu atakayekaa kwenye gari anatazama naye ana ada yake, ya mtazamaji. Bahshishi ya traka, wachunaji ngozi na mpishi, juu yako. Na ukimjeruhi mnyama akapotelea porini, tone moja la damu likionekana, umelipa bei nzima. Baba mkubwa anasema huo ni utaratibu wa kila mahali, Wazungu wa Rungwa walikuwa wanalia hivyohivyo. Sawa, si ubaya wa shamba. Lakini mtu anayekwenda mara ya kwanza ataambiwa na nani kama si aliyechukua hela yake?

Nyama je? Inabaki shambani. Choroa mzima nimuue mimi, niambulie kipande cha kuchoma jioni. Hili mke wangu ndilo lililomuuma kuliko milioni sita.

Zinazobaki ni pembe na ngozi. Zinatiwa chumvi, zinachovywa dawa, zinafungwa kwenye sanduku la mbao, cheti cha daktari wa mifugo, usafirishaji, kila hatua ina ankara. Na huku kwetu zinaingia kwa kibali. Nilipomuuliza wakala kuhusu kibali akasema "utapita nazo tu airport, mkuu, unasema ni pambo". Pambo! Nishuke na pembe za choroa begani, nisomewe sheria ya wanyamapori ya 2009, kukutwa na nyara, uhujumu uchumi. Huyu alitaka nifie gereza la Isanga.

Jumatatu nikapanda SGR ya alfajiri nikamfuata ofisini. Meza moja, feni moja, kichwa cha swala wa plastiki ukutani. Nikamwuliza jina la mwongozaji aliyesajiliwa Namibia atakayenipokea, maana kule huruhusiwi kuwinda nyara bila mtu aliyesajiliwa. Hana jina. Nikasema basi nirudishie changu. Akanijibu, "Mkuu, badilisha mnyama tu, chukua pofu, naye mkubwa." Advansi hairudi, eti iko kwenye masharti. Masharti yenyewe yako ukurasa wa pili wa mkataba uliokuja wiki tatu baada ya hela.

Ninachotaka hapa: aliyewahi kudai hela ya namna hii akaipata, alianzia polisi au mahakamani? Wanasheria wa humu, inbox iko wazi. Wa kuniambia ningekula kitimoto Area C nikatulia, nimewasoma, piteni.

SASISHO, saa 3 usiku: Wakala kapiga. Kumbe humu yumo. Anatoa nusu kesho asubuhi, nusu "mambo yakikaa sawa", ila nifute uzi kwanza. Nimemjibu ataufuta yeye kwa meseji ya benki, milioni sita na laki tano, kwa mkupuo.