Mjadala: Kichupa cha chanjo ya surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja?

Baba wa Wawili, Makorora (mleta mada)

Ndugu zangu wa Tanga na wa kwingine, nimekaa na jambo hili wiki nzima, naomba tulijadili.

Jumatatu iliyopita tulikwenda kliniki mimi na mama watoto. Yeye kambeba mdogo, mwenye wiki sita. Mimi nimemshika mkubwa, ana miezi 23 na hajapata dozi ya pili ya surua-rubela, ambayo hutolewa mtoto akifika miezi 18.

Mdogo hakuchelewa. Alipimwa uzito, akapewa matone ya polio na ya rota mdomoni, akachomwa paja la kushoto na la kulia. Akalia, akanyonya, akalala. Ilipofika zamu ya mkubwa, nesi aliangalia kadi, akatoka nje kwenye mabenchi, akahesabu. Watoto wa surua siku hiyo walikuwa wawili tu: wangu, na wa mama mmoja muuza dagaa aliyetoka mbali, njia ya Pangani, binti wa miezi tisa. Akarudi akasema kwa upole, "Baba, naomba mje Alhamisi. Surua tunafungua Alhamisi, watoto wakiwa wengi." Hii ni mara ya tatu sisi kuambiwa hivyo.

Sikugomba. Nilimuuliza tu mbona mdogo kachomwa bila kusubiri wenzake, na alinieleza vizuri, namshukuru. Ile ya mdogo, ya magonjwa matano kwa pamoja, ni ya maji. Kichupa chake kikishafunguliwa kinaweza kurudi kwenye jokofu kikatumika hadi siku 28, mradi ubaridi ubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Ya surua ni unga mkavu. Huchanganywa na maji yake maalumu, na tangu hapo ina saa 6 tu, itakayobaki inatupwa. Kichupa kimoja ni dozi 10. Kukifungua kwa watoto wawili ni kumwaga nane.

Nimeelewa, lakini bado nasema kifunguliwe, hata angekuwa mtoto mmoja. Surua inasafiri kwa hewa. Mgonjwa akiingia chumbani akatoka, virusi vyake vinaweza kubaki humo hadi saa mbili, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Yule binti wa miezi tisa hakuwa na dozi hata moja. Mama yake aliacha biashara ya siku nzima, akalipa daladala na bodaboda, akaondoka na kadi ileile aliyokuja nayo. Mnasemaje?

Nesi wa Kijijini, Muheza

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Mimi ni mmoja wa hao wanaohesabu watoto kwenye benchi, kwa hiyo nitasema ukweli wetu.

Baba, mwongozo tunaujua. Shirika la Afya Duniani linasema fungueni hata kwa mtoto mmoja, na semina tumekaa. Lakini vichupa naletewa kwa idadi ya watoto wa eneo langu, na nyongeza kidogo ya upotevu. Leo nimwage nane, kesho saba, keshokutwa tisa, mwezi haujaisha jokofu halina surua. Kisha anakuja mama na mtoto wake tarehe sahihi, kadi safi, hajakosa hata kliniki moja. Huyo nimwambie nini? Niliwahi kuishiwa. Wiki mbili nilikuwa nawatazama usoni akina mama na sina cha kuwapa. Hujui uchungu wake mpaka yakukute.

Naomba pia mtu asije akashauri eti dawa iliyobaki iwekwe mpaka kesho. Chanjo hiyo haina kitu cha kuzuia vijidudu kuzaliana baada ya kuchanganywa. Mei 2017 huko Sudan Kusini, eneo la Kapoeta, watoto 15 walikufa kwa sababu dawa ilitumika siku kadhaa nje ya ubaridi, na bomba moja la sindano la kuchanganyia likatumika tena na tena siku zote hizo. Watoto 15 wa watu. Tangu nisikie habari ile, saa sita zikitimia naimwaga mwenyewe, hata kama kimebaki cha mtoto mmoja na mama yake namwona anakuja barabarani.

Mama wa Pongwe

Mimi na hiyo Alhamisi sina ugomvi nayo. Siku moja ya surua kwa wiki, sawa, tutakuja. Ninachouliza ni hiki: tarehe ya kurudi kwenye kadi nani anaiandika? Si wao wenyewe, kwa kalamu yao? Sasa kama surua ni Alhamisi, kwa nini kadi ya mwanangu iliandikwa tarehe ya Jumatatu? Nimetoka Pongwe na mtoto mgongoni kwa tarehe niliyopewa, halafu naambiwa si siku yake. Aliyeandika angefungua kalenda kwanza, hapo tusingekuwa na mjadala.

Na mlango wa kliniki uandikwe siku za surua na za BCG, ile ya kifua kikuu, kwa herufi kubwa, mtu asome kabla hajakaa.

Mwalimu, Mabawa

Nawaheshimu nyote, lakini mleta mada kuna mahali karuka. Kutoka miezi 18 mpaka 23 ni miezi mitano. Humo mna Alhamisi zaidi ya 20. Ameambiwa mara tatu arudi Alhamisi, na Alhamisi zote hizo hakuiona hata moja? Huko shuleni nawaona watoto wa darasa la awali ambao kadi zao zimeishia miezi tisa. Ukimuuliza mzazi, kila mmoja ana sababu. Serikali imeleta chanjo bure, nesi yupo, siku inajulikana. Tukisema kifunguliwe wakati wowote mzazi atakapojisikia kuja, tunamfundisha mzazi kutokuja kwa wakati. Na tukubali, sisi watu wa pwani chanjo hatujaipa uzito, kila ikitajwa maneno ya vijiweni yanakuwa mengi.

Nesi wa Kijijini, Muheza

Mwalimu, hilo la mwisho mimi sikubaliani nalo. Wanaokuja kwangu wanakuja kwa hiari yao, na kwa miguu.

Baba wa Wawili, Makorora

Nimesoma yote, naanza na Mwalimu. Alhamisi zaidi ya 20, ni kweli, na nakubali lawama. Nafanya vibarua bandarini. Siku usiyokwenda, siku hiyo hakuna kula. Mama watoto alikuwa mjamzito, miguu inavimba, akajifungua. Mara mbili tulikwenda, tukarudishwa, nikajiambia wiki ijayo, nayo ikawa wiki nyingine. Sijivunii. Kinachoniuma ni kwamba mara zote tatu mtoto alikuwa pale, mikononi mwao, ana mkono na chanjo ipo jokofuni. Mzazi mzembe akishafika mlangoni, uzembe wake umekwisha kwa siku hiyo.

La watu wa pwani kutoipa chanjo uzito silikubali. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kuanzia 2009, katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Ni wazazi wa mkoa huu na wa pwani hii waliopeleka watoto wao, wakarudi nao tena na tena kwa miaka. Leo chanjo hiyo inachoma watoto wa nchi za watu. Wazazi wa aina hiyo usiwaambie hawajali.

Dada Nesi, maneno yako yamenigusa, hasa hilo la kuishiwa. Siwezi kukulaumu wewe kwa kichupa cha dozi 10 ulichopewa kwenye kijiji chenye watoto wachache. Surua-rubela hutengenezwa pia kwenye vichupa vya dozi 5. Mjini kliniki zinajaa, dozi 10 zinatosha. Kijijini ndiko zingefaa hizo ndogo. Ni ghali zaidi kwa kila dozi, na zinakula nafasi ya jokofu, lakini haki ya kulisemea hilo ninyi manesi mnayo kuliko sisi.

Ila kuna hesabu moja naomba uifikirie. Dozi uliyomwaga unaiandika, na mkubwa wako anaisoma, anakuuliza. Mtoto uliyemrudisha unamwandika wapi? Nilipotazama daftari siku ile, niliona tarehe, majina, chanjo zilizotolewa. Mwanangu hayumo mara zote tatu. Kwa daftari lile, hakuwahi kuja. Basi hasara ya kichupa inaonekana na hasara ya mtoto haionekani, na mtu atakayeamua kwa daftari lile ataamua dhidi ya mtoto kila siku.

Kwa hiyo natoka kidogo kwenye msimamo wangu wa mwanzo. Mtoto kama wangu, ambaye dozi ya kwanza anayo, asubiri Alhamisi, lakini aandikwe jina na simu ya mzazi, na Jumatano apigiwe. Hata mwenyekiti wa mtaa au mhudumu wa afya wa jamii anaweza kuifanya kazi hiyo. Mtoto wa miezi tisa ambaye hana kitu, kichupa kifunguliwe hapohapo. Hapo sipunguzi. Hata akichanjwa, katika watoto 100 wanaopata dozi ya kwanza umri huo, kama 15 hivi kinga haiwashiki, ndiyo maana tangu 2014 nchi yetu inatoa ya pili. Sasa yule ambaye hata ya kwanza hajaonja?

Naongeza la jana. Jana ilikuwa Alhamisi, niliacha kibarua, nikampeleka. Walikuwa watoto wanne. Nesi alisubiri mpaka saa nne na nusu labda watatokea wengine, hawakutokea, akafungua. Mwanangu amechomwa mkono, kadi imekamilika, Alhamdulillahi. Dozi sita zilimwagwa vilevile.

Nilikaa kwenye benchi mpaka mwisho nikimtafuta yule mama wa njia ya Pangani. Hakuja. Nilimuuliza nesi kama ana namba yake ya simu, akafungua daftari la Jumatatu, akalifunga. Anayemjua mama muuza dagaa wa huko mwenye binti wa miezi tisa, amwambie Alhamisi ijayo nitakuwa pale saa mbili asubuhi, nauli ya kurudi nitamlipia mimi.